Kirusi Mwenye Tochi Kichwani

Asteria alimvisha kirusi gambuti, akamfunga tochi kichwani, kisha akamtoboa suruali magotini. Akasogeza kiti nyuma, akamtazama vizuri kwenye kompyuta. Sasa alifanana na mtu.

"Huyo mwizi wa wapi?" Deusdedit aliuliza akiwa mlangoni. Hodi hakupiga.

"Ni mafua makali, bosi."

"Tangu lini mafua yakavaa gambuti?"

"Yale ya kwako yalivaa miba, yakapigwa mawe."

Deusdedit hakucheka. Ndiye aliyesimamia mradi wa afya, na ile katuni ya kwanza, ya mpira mwekundu wenye miba, aliileta mwenyewe kutoka Dar. Wachimbaji wadogo wa dhahabu waliitazama kidogo, wakazomea, na jiwe likapasua kioo cha gari la mradi. Barakoa zikarudi ofisini Kalangalala ndani ya maboksi yake, hata utepe haujabanduliwa. Huku nyuma, watu wakabaki wanakoholeana kwenye mabanda ya maturubai, na waliozidiwa wakitolewa kwa machela.

"Nisikilize, dada. Barakoa zikirudi tena, mkataba wako nauchana. Utarudi kuchora ng'ombe kwenye kuta za mabucha."

"Ng'ombe wangu hawajawahi kupigwa mawe."

Alijibu hivyo kwa mdomo tu. Kuta za mabucha alizijua, na jua lake alilijua.

Wachimbaji nao aliwajua. Kabla ya kujifunza kompyuta aliwauzia uji pale karashani, kwenye mashine za kusaga mawe. Kwa hiyo mwili wa binadamu aliuchora kama kitu wanachokitazama kila siku kwa jicho baya: ule mgodi mkubwa ng'ambo ya seng'enge. Ngozi ikawa uzio. Pua ikawa geti. Kinga ya mwili ikawa walinzi wenye mbwa. Kirusi havunji kitu. Anaonyesha kadi ya kughushi, na mlinzi wa geti anamfungulia mwenyewe. Akishaingia, anawasha mashine za mwenye mgodi na kuzalisha wenzake. Walinzi wanakuja kushtuka wakati kundi zima linatoka kwa chafya moja.

Deusdedit alitikisa kichwa. "Jiwe la safari hii litakuwa lako."

Katuni ilionyeshwa mchana, ndani ya kibanda cha video cha pale machimboni. Watu walijaa wakiwa wamekunja sura.

"Watu wa semina hao! Leo mmetuletea ugonjwa gani?"

"Mayu," mwingine akamwita Asteria mama kwa Kisukuma, "kama hamna mpira, zima tuondoke!"

Mbele kabisa alikaa Bujiku, mwenye duara, shimo lake mwenyewe la kuchimba dhahabu, mtu wa mabega mapana. Jiwe lake alikuwa amelipakata mapajani kama mtoto mchanga.

Asteria akabonyeza kitufe. Kirusi akatokea, tochi kichwani, magoti nje.

Watu wakanyoosha shingo.

"Huyo si Amosi?" mtu akasema, akimnyooshea kidole mwenzao, na kicheko kikapasuka. Lakini kirusi alipoanza kuambaa na uzio, mbwa wakinusa, kicheko kikakatika. Hata waliokuwa wanakohoa walijiziba midomo. Kadi ikakubaliwa, geti likafunguka, na kibanda kizima kikalipuka kwa miluzi.

Bujiku akaliweka jiwe chini.

"Rudisha pale getini," aliamuru.

Asteria akarudisha.

"Huyo wa getini hashtuki?"

"Hashtuki. Anaona kadi inafanana na za kwao tu."

"Na hao wenye mbwa?"

"Wanachelewa. Mpaka waijue sura yake, wenzake wameshajaa ndani."

"Na wakishaijua?"

"Basi tena. Siku akirudi wanamdaka mlangoni. Ile sura hawaisahau."

"Kumbe shida ni sura," alisema Bujiku, akiwageukia wenzake. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, taratibu, kama watu wa kanisani.

Deusdedit alikuwa amesimama nyuma na mikono kifuani, akisubiri zogo. Hakulipata. Katuni ilipofika kwenye barakoa, Asteria akaonyesha jinsi ya kuivaa, na wao wakatazama bila kupepesa.

"Isishuke," alisisitiza. "Ukiacha pua nje, umejidanganya mwenyewe."

"Umesikia wewe, Amosi?" Bujiku akafoka. "Pua!"

Barakoa walizigombea. Waliokuwa karashani wakaacha mawe, wakaja mbio. Wengine wakachukua mbilimbili.

"Nyeusi hamna?" Bujiku aliuliza.

"Za buluu tu, kaka."

"Haya. Zitafaa." Akainama, akaliokota lile jiwe, akamkabidhi Asteria kwa mikono miwili. "Shika, mayu. Lilikuwa lako hili."

Maboksi yalirudi Kalangalala matupu. Njia nzima Deusdedit alitazama nje ya dirisha, na walipofika akasema neno moja tu: "Umebahatisha."

Asteria alilala usingizi mnono. Asubuhi alikuwa amelikalisha jiwe juu ya meza kama kombe la mashindano, anapuliza chai, pale Deusdedit alipoingia. Safari hii alipiga hodi. Nyuma yake walikuwepo askari polisi na mkuu wa ulinzi wa ule mgodi mkubwa.

"Tumeambiwa wewe ni fundi wa picha," askari alisema, akimnyooshea simu. "Hii ni kamera ya getini, jana usiku. Watu hawa wameingia na kadi, mlinzi akawafungulia mwenyewe. Tusaidie sura."

Asteria akaishika ile simu. Gambuti aliziona. Tochi za vichwani aliziona. Akavuta picha karibu, uso mmoja baada ya mwingine, kundi zima.

Hakuna hata mmoja aliyeacha pua nje.