Funda la Maji kwa Wilfried

"Wilfried! We Wilfried, kuya kula!"

Mama Mbombo aliita akiwa uani, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima wa Mikelenge. Majirani wakatazamana. Axel akaweka sanduku chini, akaenda kula. Angefanya nini? Wilfried alikuwa kaka yake, na alikufa wakati wa vita, Axel angali mgongoni mwa mama.

Mambo haya yalianza siku Axel aliporudi na matokeo ya mtihani wa serikali, akasema amechagua kusoma chimie, yaani kemia, chuo kikuu, kule Lubumbashi. Kabla ya hapo mama yake alikuwa mzima kabisa. Aliposikia neno hilo aliingia ndani, na alipotoka alimwita Wilfried. Tangu hapo hakumwita vingine mbele ya watu. "Kichwa yake imeharibika," walisema majirani, na wengine hawakushusha hata sauti.

Ni kweli, chimie ilikuwa ya Wilfried. Ndiyo aliyoichagua mwaka ule wa vita, akapanda baiskeli kwenda kwa mjomba wake Kasai, ambako angeweza kusoma. Aliishia Tunda, katikati ya njia. Baiskeli ilirudishwa na wapita njia, yeye hakurudi.

Axel hakuichagua kwa ajili ya marehemu. Aliipenda tu, tangu mwalimu wao alipotia kipande cha shabu katika ndoo ya maji ya mto Lualaba na matope yote yakashuka chini darasa zima likiona. Alitaka kujua kwa nini.

Kwa mama yake alitaka kitu kimoja. Kwao, mtoto akienda mbali, mzazi huchukua funda la maji, humpulizia kifuani na kumtaja jina. Hiyo ndiyo baraka yake, na hutolewa mara moja tu. Axel alitaka kwenda na jina lake mwenyewe.

Alijaribu kwa mara ya mwisho, wakiwa wawili tu jikoni.

"Mama, miye njo Axel."

"Kula, mutoto yangu," alisema mama bila kumtazama. "Njia iko murefu."

Sebuleni dada yao Misenga alikuwa na suruali mpya ya safari, anatafuta kitu cha kuipimia. Mama akamnyang'anya, akakunja miguu ya suruali kwa kukadiria kwa macho tu, akashona. Wilfried alikuwa mrefu kama mlango. Axel alipoivaa, suruali ikamkaa sawasawa. Misenga akaona ni bahati.

Honi ya gari moshi ilipolia stesheni, wote watatu wakatoka hadi barabarani. Mama alimshika mwanawe mabega, akachukua funda la maji, akampulizia.

"Nenda, Wilfried! Nenda usome chimie yako, Wilfried wangu!"

Alisema kwa nguvu, akigeuka kulia na kushoto, hata waliokuwa wakipita na mizigo wakasimama kumwangalia.

Axel alifuta machozi, akachukua sanduku lake. Alipanda pikipiki iliyokuwa ikimngoja kumpeleka stesheni, shati limemganda kifuani, akaondoka bila kugeuka. Katika maisha yake yote hakuna kilichowahi kumuuma namna ile.

Misenga hakuvumilia tena.

"Mama, kwa nini lakini? Mutoto ameenda na uchungu. Ule haikuwa Wilfried. Ule ni A..."

Mama akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, usitaje!" alinong'ona. "Nilimuzaa mi mwenyewe, namujua. Lakini Wilfried, kifo ilishamukula. Ikisikia ni yeye tena njo anapita, itamuacha apite."