Kompaila Asiyekataa Kitu

Wanyama walipoanza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Java, walikuwa na kompaila wawili wa kuzikagua kabla hazijaingia kwenye mashine. Sheria walizopewa zilikuwa zilezile, ila Nungunungu alikataa kila kilichopinda, na Kiboko alimeza kila alicholetewa.

Fungo, aliyependa kuitwa Mhandisi, aliandika programu ya pampu ili tangi lake lijae kabla ya harusi ya bintiye.

"Dada, hii haipiti," alisema Nungunungu. "Umeiambia pampu ijaze bila kikomo, halafu chini yake umeandika izime. Huko chini itafika lini?"

"Wivu tu huo!" Fungo akampelekea Kiboko.

"Safi kabisa, Mhandisi," alisema Kiboko, akaipitisha.

Pampu ikajaza tangi, ikajaza ua, ikajaza sebule. Wageni walipandisha kanga magotini wakacheza ngoma humohumo majini, bibi harusi akitangulia. Fungo alimkuta Kiboko amejilaza katikati ya sebule, maji shingoni.

"Ina maana kosa hukuliona?"

"Nililiona, Mhandisi wangu. Lakini kwa joto hili, ningekataaje?"