Ngazi ya Sita

Kadi ya hesabu ilipotelea kwenye mpasuo wa pazia, na Mwalimu Swabaha akarudi nyuma hatua moja.

Agizo la mwaka huo wa 1968 lilikuwa wazi: darasa la kompyuta lisilo na mtambo lifungwe. Bwana Oloo, mkaguzi kutoka Nairobi, alikuwa amefika shule ya wasichana ya Ganjoni kujionea.

"Mbona mtambo mmeuficha?" aliuliza.

"Vumbi la bandarini Mbaraki, bwana. Likiuingia, tumekwisha."

Nyuma ya pazia kikasikika kikohozi.

"Naona limeshauingia," alisema Oloo bila kucheka. Akamgeukia dereva wake. "Katana, acha kuhema mlangoni. Zunguka nyuma ukaombe maji."

Swabaha akaeleza kwa utulivu. "Tumeuomba uzidishe kuanzia tano hadi moja. Hatua ya kwanza haijui jibu. Huiita ya pili, ikangoja. Ya pili huiita ya tatu. Ni kama kupiga hodi dakani pale mlangoni, ukumbini, kisha chumbani. Ya ndani kabisa hujibu 'moja' tu, ndipo majibu yanapoanza kurudi nje. KINA ni amri inayotuambia tumefika ngazi ya ngapi."

Taipu ikalia. Kikaratasi kikachomoza: KINA 1. Kisha 2, 3, 4, 5. Hatimaye jibu: 120.

Oloo akapiga hesabu mwenyewe.

"Hilo mliliandaa. Sasa sita."

"Bwana, mtambo wetu hubeba ngazi tano."

"Basi ukishindwa, nafunga leo."

Akaandika kadi kwa mkono wake, akaipenyeza. Vikaratasi vikafuatana hadi KINA 5. Halafu kimya. Kitu kikaburutwa sakafuni. Midomo ya Swabaha ikacheza kwa dua.

Taipu ikalia tena, polepole, herufi moja moja, kama inayotafutwa: KINA 6.

Kisha kwa kasi: 720.

Kwa mara ya kwanza Oloo akatabasamu. Akatia sahihi kwamba darasa liendelee, akamkabidhi Swabaha karatasi.

"Katana!" aliita. "Njoo uuone mtambo huu." Naye akalivuta pazia.

Wasichana watano wa sare waliketi mstari mmoja, kila mmoja na kibao cha chaki mapajani. Kwenye kiti cha sita, kikombe cha maji miguuni na kidole kingali juu ya taipu, aliketi Katana.