Harufu Isiyo ya Samaki

"Hii gari inanuka," polisi alisema, akiinamia dirisha la Mwenze.

"Ni samaki, chef, mkubwa wangu. Chisense tupu."

Hakuzima injini. Alitaka kizuizi kifunguliwe tu, aendelee na safari yake ya Nchelenge.

Alikuwa ametoka Puta, kijiji cha ziwani kinachotazamana na Zaire, asubuhi hiyo ya mwaka 1978, gari lake lenye boksi la bati nyuma limejaa magunia ya chisense, wale samaki wadogo waliokaushwa. Chini ya magunia alilala mdogo wake, Dominique, aliyetoroka jeshini Zaire na kuvuka naye ziwa kwa mtumbwi. Polisi wakimrudisha, jeshi litamuua, hilo Mwenze hakulitilia shaka. Akafikiri: pua gani itamtafuta mtu ndani ya chisense?

Kumbe pua ya konstebo Chalwe.

"Miye nilizaliwa ku Kashikishi, kwa wavuvi, ba Mwenze," alisema Chalwe, akilisoma jina kwenye leseni. "Nililala na samaki, nikakula samaki. Samaki hainukaka kwangu. Hii ni kitu ingine."

Njia nzima Dominique alikuwa akikohoa, na Mwenze akimgombeza kupitia nafasi nyuma ya kiti. Sasa alikohoa tena, hapa hapa kizuizini. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kila mara Mwenze naye alikohoa kwa nguvu ili kuifunika sauti yake.

Chalwe alizunguka gari polepole, akinusa. Akarudi dirishani.

"Kichwa inakuuma?"

Swali gani hili? "Kidogo, chef. Ni jua."

"Tangu wapi?"

"Tangu Puta."

"Dirisha yako ilikuwa wazi?"

"Ndiyo."

"Na kule nyuma?"

"Nyuma hakuna dirisha, chef. Samaki anataka dirisha ya nini?" Alijaribu kucheka.

Mwenze aliogopa, tena aliogopa vibaya. Polisi anayeuliza mambo ya kipuuzi namna hii bila shaka anajua kitu. Alimkumbuka mama yao, Ngalula, akiwasindikiza kwenye mtumbwi kule Zaire, maji yamemfika magotini: "Mwenze, mutoto wangu niko naacha mu mikono yako."

Afadhali nyuma kulikuwa kimya sasa. Hatimaye Dominique ameelewa. Mwenze alisali kimoyomoyo, akamwomba Mungu kimya kile kiendelee.

Chalwe akavua kofia, akalala chini, akachungulia uvunguni mwa gari. Alikaa huko muda mrefu. Mwenze alihesabu pumzi zake mwenyewe, mkono kwenye gia.

Polisi alipoinuka, vumbi limemjaa kifuani, hakuwa na sura ya mtu aliyekamata mhalifu. Alikuwa ameogopa kumzidi Mwenze.

"Zima gari!" alipiga kelele. "Bomba ya moshi imepasuka, moshi yote inaingia nyuma! Fungua mulango, tutoe mutu wako!"

"Mutu gani, chef? Hakuna mu—"

"Ule alikohoa mara tatu," Chalwe alisema, akirusha gunia la kwanza barabarani. "Sasa hakohoi tena."