Likizo ya Mwanakombo

Kila anayetimiza miaka hamsini huruhusiwa kuchomoa sikioni kile kidude kinachomwambia la kufanya tangu utotoni, akae bila hicho mwezi mzima, afuate ndoto yake. Mwanakombo alitaka kuchora. Alikichomoa asubuhi, akaketi barazani na rangi zake, mbele ya karatasi nyeupe. Hadi adhuhuri hakuwa amegusa brashi.

Mumewe, Makame, alimletea chakula. "Unataka kuchora nini, mke wangu?"

Mwanakombo alifikiri. Hakuhuzunika, wala hakuogopa. "Sijui."

Makame alisikiliza kidude kilichokuwa sikioni mwake. "Kinasema ulikuwa ukipenda maua."

"Maua gani?"

Makame akainamisha kichwa, akasikiliza tena. Mwanakombo alichovya brashi kwenye maji, akangoja aambiwe.