Taulo la Korongo

Ngiri mmoja alikuwa bondia asiyejua kurudi nyuma. Kocha wake alikuwa Korongo, ndege wa macho makali na maneno machache. Siku moja Ngiri alipanda ulingoni kupigana na Nyati. Raundi ya kwanza alipigwa, ya pili akapigwa zaidi, na ya tatu akaanza kumrushia ngumi mwamuzi. Hapo Korongo akatupa taulo ulingoni, na pambano likasimamishwa.

Watazamaji wakazomea. Ngiri akarudi kwenye kona yake akiyumba, huku anafoka.

"Kocha, umeniaibisha! Nilikuwa namchosha yule!"

"Ulikuwa unamchosha kwa kumpa kazi ya kukupiga," Korongo akajibu. "Keti nikutazame."

"Siketi! Nani alikuruhusu utupe taulo?"

Korongo akainamisha shingo, akamtazama machoni. "Mwanangu, hapa mbele yako unaona makocha wangapi?"

Ngiri akahesabu polepole. "Watatu."

"Basi sisi watatu tumepiga kura, na wewe uko peke yako. Twende kwa daktari."

Ngiri akaona kweli amezidiwa kura. Akashuka ulingoni taratibu, ameegemea bawa la kocha wa katikati.