Nionyeshe Mikono

Siku ya kwanza Siwema kukalia kiti cha mkutubi mkuu, Mzee Sengondo, aliyekikalia kabla yake mpaka akastaafu, alikuja kusoma gazeti. Mzee hakumtambua Siwema.

"Shikamoo, mzee," alisema Siwema. "Nionyeshe mikono."

Mzee alicheka. "Marahaba, mwanangu. Sheria hiyo niliiweka mimi."

"Najua."

Angekosaje kujua? Utoto wake wote, akitoka kumsaidia mama yake kuuza mkaa, alisimama mbele ya kiti hicho akanyoosha viganja, naye akafukuzwa kwa ajili ya weusi uliong'ang'ania kwenye kucha. Vitabu alivitazama majalada tu, kupitia dirisha.

Siwema aliigeuza mikono ya mzee taratibu, akagusa madoa yaliyotapakaa migongoni mwa viganja.

"Michafu. Kanawe."

"Haya hayatoki, mwanangu. Ni uzee."

"Hata yangu hayakutoka. Mimi ni binti wa yule muuza mkaa."

Mzee alimtazama. Kisha akatoka hadi bombani uani, akakunja mikono ya kanzu, akaanza kusugua. Siwema alisimama mlangoni, mkono juu ya komeo, hajaamua kama atamfungia nje, akiyatazama maji yakichuruzika kwenye viwiko vya mzee.